Kuanzisha ushirika wa Kikristo kazini: kutoka watu watatu hadi wiki ya kumi na mbili

Ushirika mwingi wa kazini hufa kwa dakika kumi na tano. Kipindi kilichopangwa kwisha saa 7:50 mchana kinaisha saa 8:05, mteja anakuta meza haina mtu, msimamizi anaandika maelezo mara mbili tatu, na mwezi unaofuata chumba kina kufuli. Bosi hana haja ya kuchukia dini ili mambo yafike hapo.

Kwa hiyo karibu kila linaloelezwa hapa chini linarudi palepale: mnakutana kama wageni, ndani ya muda na nyumba ya mtu mwingine. Mkilishika hilo tangu siku ya kwanza, maamuzi mengi yanakuwa mepesi.

Kabla hujamwambia mtu

Anza na faili lako mwenyewe la kazini. Wakuu wenzake Danieli walipomtafutia kosa, sura ya 6 inasema walipekua utumishi wake wakakosa pa kushika, ndipo wakageukia maombi yake. Mwenye barua ya onyo kwa uchelewaji, au anayedaiwa na nusu ya idara, akisimama kutangaza ushirika anawapa watu kichekesho cha bure. Kama hali ndiyo hiyo, lipa madeni, wahi kazini miezi miwili mitatu, halafu ndipo uanze.

Kisha tafuta mwongozo wa wafanyakazi usome vipengele vinne: matumizi ya vyumba nje ya shughuli za kazi, matumizi ya barua pepe na ubao wa matangazo, uchangishaji wa fedha kati ya wafanyakazi, na wageni kuingia eneo la kazi. Watu hujikwaa hapo kwa sababu wanatafuta kipengele cha dini tu, ambacho mara nyingi hakipo kabisa.

Kuhusu haki: kifungu cha 18 cha Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu la 1948 kinataja uhuru wa mtu kuidhihirisha dini yake akiwa peke yake au pamoja na wengine, na Mkataba namba 111 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1958, unapinga ubaguzi wa kidini katika ajira. Ni vizuri kuyajua hayo, na sheria za nchi yako pia. Lakini haki ya kuabudu haimaanishi kwamba mwajiri anakudai chumba na viti. Barua ya ombi inayoanza kwa kudai haki humfanya anayeisoma apige simu kwa mwanasheria kabla hajamaliza aya ya kwanza.

Watu wa kuanza nao

Watatu hadi watano wanatosha. La kuangalia zaidi ni mchanganyiko wao: watoke walau madhehebu mawili, walau idara mbili, na vyeo visivyolingana. Watano wa kanisa moja wakianza, wengine wataona ni tawi la kanisa lile limefunguliwa ofisini. Watano wa uhasibu wakianza, dereva na mfanya usafi watapita mlangoni wakidhani ni kikao cha uhasibu. Sura iliyoonekana wiki mbili za kwanza ni vigumu sana kuibadilisha baadaye.

Vipi kama bosi mwenyewe ni mpendwa, yaani Mkristo mwenzenu, na anataka kuongoza? Aje, akae, aombe kama wengine, lakini asiongoze na asialike. Mtu anayesaini likizo yako akikwambia "karibu kwenye maombi Jumatano", huna namna ya kukataa ukalala usingizi. Ni vema bosi wa namna hiyo awaambie walio chini yake, kwa mdomo wake, kwamba kuhudhuria au kutohudhuria hakuingii popote katika tathmini ya kazi. Asipolisema, litasemwa kwenye korido kwa namna mbaya zaidi.

Mwaliko ni wa mtu mmoja kwa mmoja, na mara moja tu. Maneno yawe mepesi: "Tunafikiria kukutana Jumatano mchana kusoma Biblia kwa nusu saa hivi. Ukipenda, karibu. Usipopenda, hakuna neno." Akikaa kimya, amejibu. Kumkumbusha kila wiki kunaitwa kusumbua, na mahali pengine kunaandikiwa malalamiko rasmi.

Hao wachache wakutane kwanza mara nne hivi, mahali popote nje ya ofisi, waombe na kukubaliana jina, siku, na mambo yatakayowekwa kando (tutayafikia). Jina liwe la kawaida, kama "Ushirika wa Jumatano". Msiweke jina la kampuni, kwa kuwa litasomeka kana kwamba kampuni ndiyo imeuanzisha. Na majina ya kivita waachieni wengine. Ukutani mwa ofisi, "Jeshi la" lolote lile hutisha hata Wakristo.

Siku na saa

Chaguo ni tatu: kabla ya kazi, mapumziko ya mchana, au baada ya kazi. Baada ya kazi ndiyo dhaifu kuliko zote, kwa kuwa kila mtu ana gari la kuwahi, mtoto wa kuchukua na foleni mbele yake. Asubuhi inafaa pale wengi wanapowahi kufika kukwepa foleni, ila dakika ziwe ishirini tu. Mchana ndio wenye watu, na ndio wenye hatari ya kuchelewa kurudi.

Pigeni hesabu ya mchana kwa uwazi. Saa ya mapumziko ni dakika 60. Toeni 15 za kula na kunawa, toeni 10 za kurudisha viti na kufika mezani. Zinabaki 35. Hizo ndizo zenu, hata kama wimbo ni mtamu. Mapumziko yenu yakiwa ya dakika 30, msijaribu kubana yote hayo; fanyeni dakika 12 za kusoma na kuomba, au hamieni asubuhi.

Siku ya katikati ya wiki ni bora. Jumatatu ina vikao, Ijumaa watu wengi wako likizo au safarini, na Waislamu wengi huitumia Ijumaa mchana kwa swala, kwa hiyo chumba hichohicho huenda kinahitajika. Mara moja kwa wiki inatosha. Wanaoanza na kila siku huwa wamechoka kabla ya mwezi kwisha.

Penye zamu, kama hospitalini au kiwandani, siku moja isiyobadilika itawafungia nje watu walewale kila mara. Wekeni vipindi viwili vifupi vya dakika 15, kimoja kabla ya zamu ya asubuhi na kimoja kabla ya zamu ya usiku, kifungu kikiwa kilekile. Visiguse kabisa muda wa kukabidhiana zamu: muuguzi anayesubiriwa amalize kuomba ndipo apokee wagonjwa amekwisha kuharibu jina la ushirika.

Chumba kisiwe jirani na mapokezi wala simu za wateja. Kikiwa na kioo mlangoni, vizuri zaidi. Anayepita akiona watu wameketi na vitabu hana la kubuni. Viti viwe duara. Mkivipanga kwa safu mmetengeneza kanisa, na wiki ya tatu mtu ataomba mimbari.

Barua ya ruhusa

Hata kama meneja anasema "endeleeni tu", iandikeni. Meneja huhama, na anayemfuata hakuwepo siku ya "endeleeni tu". Ongeeni kwanza kwa mdomo na afisa utumishi, kisha pelekeni ukurasa mmoja. Nehemia alipoulizwa na mfalme anataka nini, katika sura ya 2, alikuwa na majibu kamili: alitaja muda wa safari, barua za kuwaonyesha maliwali, na mbao za malango. Ninyi nanyi tajeni siku, saa, chumba na mwisho wa majaribio. Mfano:

*Yah: Ombi la kutumia chumba cha mikutano wakati wa mapumziko ya mchana*

*Sisi wafanyakazi watano tuliotia sahihi hapa chini tunaomba ruhusa ya kutumia chumba kidogo cha mikutano kila Jumatano, saa 7:15 hadi saa 7:50 mchana, kusoma Biblia na kuomba pamoja. Tunaomba iwe kwa majaribio ya wiki kumi na mbili, kuanzia tarehe … hadi tarehe ….*

*Kuhudhuria ni kwa hiari, na mfanyakazi yeyote anakaribishwa. Hatutatumia vipaza sauti wala ala za muziki, hatutachangisha fedha, na hatutaalika wageni kutoka nje bila idhini yenu. Chumba kikihitajika kwa shughuli ya kazi tutakiacha mara moja.*

*Mwishoni mwa majaribio tutaleta taarifa fupi ili uongozi uamue. Wa kuwasiliana naye ni …, simu ya ndani namba ….*

Basi. Msiongeze mistari ya Biblia, wala ahadi kwamba uzalishaji utapanda. Mwakani mtadaiwa takwimu zake. Barua isitoke kwa mchungaji, na isiwe kwenye karatasi yenye nembo ya kanisa. Mwajiri anaweza kuwasikiliza wafanyakazi wake, lakini taasisi ya nje inayoomba chumba ni jambo jingine, lina dawati jingine, na kwa kawaida lina jibu moja.

Mkikataliwa, ulizeni sababu kwa upole. Mara nyingi huwa kelele, chumba kubanwa, au hofu kwamba dini nyingine nazo zitaomba. Kelele na chumba vina dawa. Ile ya tatu dawa yake ni kusema wazi kwamba na wao wakiomba mtafurahi, na kweli wakiandika barua yao, msisite kuwaunga mkono. Jibu likibaki hapana, kutaneni nje ya eneo la kazi, au kwa simu ya video jioni. Msijifiche stoo. Siku mtakapokutwa humo hakuna atakayeamini kwamba ilikuwa Biblia tu.

Dakika 35, moja baada ya nyingine

Saa 7:15: sala ya kufungua, dakika 1. Anzeni hata kama mko wawili.
Saa 7:16: pambio moja, dakika 3, kwa sauti ya mazungumzo. Ukuta ukiwa mwembamba, someni zaburi fupi kwa kupokezana.
Saa 7:19: kifungu kinasomwa mara mbili na wasomaji wawili, dakika 4.
Saa 7:23: mazungumzo, dakika 12.
Saa 7:35: kupokea haja za maombi, dakika 5.
Saa 7:40: maombi, dakika 8.
Saa 7:48: tangazo moja, neema (maneno ya baraka ya kufunga), viti vinarudishwa.

Mpeni mtu mmoja kazi ya kushika saa, asiwe kiongozi wa siku hiyo. Zikibaki dakika mbili ananyanyua mkono, haongei. Saa 7:50 neema inasemwa, hata kama mtu yuko katikati ya ushuhuda. Mara ya kwanza itauma kidogo. Mara ya tatu watu watajifunza kuanza ushuhuda mapema.

Hili si jambo la juzi. Tarehe 23 Septemba 1857 Jeremiah Lanphier alifungua chumba cha maombi cha mchana katika jengo la kanisa kwenye mtaa wa Fulton, New York, kwa ajili ya wafanyabiashara na makarani wa eneo hilo. Alikaa peke yake kama nusu saa. Hadi mwisho wa saa ile walifika sita. Tangazo lake lilimruhusu mtu kukaa dakika tano, kumi, ishirini, au saa nzima, kadiri kazi yake ilivyomruhusu. Mikutano ilipokua ikawa ya kila siku, ukutani palibandikwa masharti: maombi au maonyo ya mtu mmoja yasizidi dakika tano, na mambo yenye mabishano yasijadiliwe. Masharti hayo yaliandikwa kwa ajili ya watu wenye ofisi za kurudi, na leo bado ndiyo mawili ya kwanza ya kuyabandika.

Kwenu dakika tano ni nyingi. Kwenye maombi wekeni sentensi mbili tatu kwa kila mtu. Yule anayezunguka dunia nzima kwa dakika saba, kutoka mataifa hadi mabaharia, yupo katika kila kundi. Mwambieni faraghani, siku ileile, na mtu mmoja tu ndiye amwambie. Mkimwacha hadi mwezi wa tatu, atakuwa amewafundisha wageni kwamba maombi ndivyo yalivyo.

Someni nini

Msianze na mahubiri ya zamu. Kila mtu ataleta hubiri la Jumapili iliyopita, na baada ya wiki tano waliojaliwa ufasaha wanaongea, wengine wanakula kimyakimya. Anzeni na kitabu kifupi, mistari michache, mazungumzo ya wote.

Waraka wa Yakobo umekaa kana kwamba ulipimwa kwa kipindi cha majaribio. Una sura 5 na mistari 108, na unagawanyika bila kulazimishwa katika sehemu kumi na mbili: 1:1–8, 1:9–18, 1:19–27, 2:1–13, 2:14–26, 3:1–12, 3:13–18, 4:1–12, 4:13–17, 5:1–6, 5:7–12 na 5:13–20. Isitoshe, mambo yake ni ya ofisini hasa: nani anapewa kiti kizuri, ulimi, wivu, mipango ya biashara ya mwakani, ujira wa vibarua.

Kiongozi wa siku aandae maswali matatu tu. Kifungu kinasema nini hasa, kwa maneno yetu? Kinatuonyesha nini kuhusu Mungu? Kati ya leo na Jumatano ijayo, mezani kwangu, nifanye nini? Chukueni wiki ya nne, 2:1–13, mwenye pete ya dhahabu na maskini wa mavazi machafu. Swali la tatu likiulizwa vibaya ("tuwe watu wa namna gani?"), jibu litakuwa "tuwe na upendo", na saa 7:35 itafika. Likiulizwa vizuri ("mgeni akifika mapokezi, ni nini kinachotufanya tumwambie akae au asubiri nje?"), mlinzi aliyeko kwenye duara atakuwa na mengi ya kusema kuliko meneja.

Wiki ya kumi ni ya kuandaliwa mapema. Mistari 5:1–6 inasema ujira wa wavunaji uliozuiliwa unapiga kelele. Kama mishahara imechelewa, au kuna mgogoro wa nyongeza, mtu atamtaja mkurugenzi kabla ya dakika ya pili. Kiongozi aseme mapema kwamba madai ya mishahara yana mahali pake, kwenye chama cha wafanyakazi au utumishi, na kwamba mchana huo kila mmoja atazungumzia watu anaowalipa yeye: msaidizi wa nyumbani, fundi, kibarua wa shamba. Kimya kitakachofuata ni kizuri.

Kwenye wiki ya mwisho kuna kuungamiana dhambi, 5:16. Someni, ila msifanye zoezi la kuungama mbele ya kundi. Mtu akisema hadharani kwamba alichukua fedha za ofisi, wote waliosikia wameingia katika jambo ambalo huenda kazi yao inawalazimu kuliripoti. Mambo ya namna hiyo aelekezwe kwa mchungaji au padri wake.

Tofauti za madhehebu

Andikeni orodha ya mambo yatakayowekwa kando, isomwe wiki ya kwanza, isomwe tena kila mgeni anapoongezeka: ubatizo wa namna gani, siku ya ibada, Mariamu na watakatifu, kunena kwa lugha, vyakula, na siasa za vyama. Hakuna anayeombwa abadili imani yake kuhusu hayo. Ila chumba hiki, kwa dakika hizi, si mahali pake.

Yapo madogo ambayo yanaumiza kuliko makubwa. Biblia ya Kikatoliki ina vitabu 73, ya Kiprotestanti 66. Mafungu ya pamoja yachaguliwe katika vile ambavyo wote wanavyo. Sala ya Bwana nayo ina mtego wake: upande mmoja unasema "ufalme wako ufike", mwingine "ufalme wako uje", na ikifika mwisho wengine wananyamaza wakati wengine wanaendelea na "kwa kuwa ufalme ni wako". Sekunde tano zile zinatosha kumwambia mtu kwamba amekosea nyumba. Isomwe na mmoja kwa maneno aliyoyazoea, wengine waitikie "Amina", na wiki ijayo asome wa upande mwingine.

Kuomba wote kwa sauti kwa pamoja ni kawaida kwa wengine, na kwa wengine ni vurugu. Kazini, ombeni mmoja mmoja. Maombi ya kufunguliwa, ya kuwekea watu mikono mpaka waanguke, yafanyike kanisani, kwenye nafasi na wahudumu wanaojua kumtunza mtu. Mfanyakazi akianguka kwenye chumba cha mikutano, atakayeitwa ni mtu wa huduma ya kwanza, na fomu itakayojazwa ni ya ajali kazini.

Fedha, simu na siri

Mwaka wa kwanza msikusanye hata senti. Sadaka kila mtu ana kwake anakopeleka. Mwenzenu akifiwa, changeni kwa utaratibu wa rambirambi wa ofisi nzima. Mkichangia wa kwenu tu, mmewagawa wafanyakazi mafungu mawili. Ikibidi baadaye muwe na mfuko, uwe na lengo moja lililoandikwa, watu wawili wa kuidhinisha kila malipo, daftari linalosomwa kila mwezi, na usikopeshe mtu. Kosa linalorudiwa kila mahali ni kukusanya kwenye simu ya mweka hazina, pesa za ushirika zikichanganyika na zake. Hata asipokula, hawezi kuthibitisha kwamba hakula.

Kundi la WhatsApp liwe na kazi mbili: kukumbusha kifungu, na kutaja haja za maombi. Ujumbe usitumwe saa za kazi. Picha za maua zenye aya na unabii wa kusambaza kwa watu kumi visiruhusiwe. Kundi likijaa hayo, wenye kazi nyingi watalizima, na ndio mliokuwa mkiwahitaji. Barua pepe ya ofisi iacheni kabisa, isipokuwa mmepewa ruhusa kwa maandishi.

Haja ya maombi ni siri ya mtu. "Tumwombee dada wa stoo, majibu yake ya hospitali si mazuri" ni umbea uliovaa suti. Kanuni ni kwamba mtu anajitajia ya kwake. Ya mwingine yanatajwa kwa ruhusa yake, na bila ugonjwa kutajwa jina. Hakuna kinachoandikwa kwenye kundi kabla mwenyewe hajasema ndiyo.

Yanayoharibika, na kwa nini

Maombi ya kumpiga bosi. Huanza kama haja ya kawaida, "tuombee uongozi", na kwa wiki chache inageuka orodha ya makosa ya meneja inayosomewa Mungu huku watu wakiitikia. Mtu mmoja akiyabeba yaliyosemwa mpaka juu, ushirika umekwisha. Ombeeni uongozi hekima na afya, mkiishia hapo.

Upendeleo. Mwanaushirika akiwa kwenye kamati ya ajira na mwingine akapata kazi, hata kwa haki, watu watahesabu. Aliye na nafasi kama hiyo atangaze uhusiano huo mapema na ajitoe kwenye uamuzi.

Mnenaji mgeni. Ana kipaji, lakini hajui saa yenu, hajui orodha yenu, na mara nyingi ana vipeperushi vya mkutano wake. Wiki kumi na mbili za kwanza asije yeyote.

Mifungo. Msitangaze mfungo wa kundi mahali penye madereva, waendesha mitambo, wapanda ngazi au watu wa jikoni na tanuri. Njaa na kiu hupunguza umakini, na anayeumia si lazima awe yule aliyefunga. Vilevile kuna wenye kisukari na wajawazito ambao hawatapenda kujieleza mbele ya wenzao. Anayetaka kufunga afunge kimya, siku yake ya mapumziko.

Ushauri wa faragha kati ya mwanamume na mwanamke, mlango umefungwa, baada ya kazi. Hata pasipo na lolote, hadithi itatungwa kabla ya saa tisa. Mwanamke azungumze na mwanamke, au wawe watatu.

Na watu kuzidi. Hili linaonekana kama baraka mpaka ulipigie hesabu: dakika 12 za mazungumzo kwa watu 12 ni dakika moja kwa mtu. Wakifika 25, wanaongea watano na ishirini wanasikiliza. Mkizidi kumi na tano, gawanyikeni makundi mawili, siku mbili tofauti, na waanzilishi nao wagawanyike.

Baada ya wiki ya kumi na mbili

Uongozi wa watu watatu unatosha: mratibu, anayepanga zamu za wasomaji na viongozi wa siku, na anayeshughulikia chumba. Vyeo vya mwenyekiti, makamu na katibu mwenezi huleta uchaguzi, na uchaguzi huleta kambi. Kila mmoja akae miezi sita, wasitoke wote kwa pamoja.

Muwe na daftari moja dogo lenye safu nne: tarehe, idadi ya watu, kifungu, na saa mliyotoka. Majina msiandike, orodha ya nani ni nani kidini haifai kuzagaa ofisini. Safu ya nne ndiyo itakayowatetea. Katika taarifa ya nusu ukurasa mtakayopeleka utumishi, andikeni kwamba mlikutana mara kumi na moja au kumi na mbili, wastani wa watu ulikuwa kadhaa, chumba mlikiachia shughuli za kazi mara ngapi, na kwamba hakuna siku mlivuka saa 7:50. Kama mlivuka mara mbili, andikeni mara mbili na sababu zake. Kisha ombeni miezi sita mingine, kwa siku na saa zilezile.

Mratibu akihamishwa au kuacha kazi, amkabidhi mrithi wake vitu vinne: nakala ya barua ya ruhusa yenye muhuri, daftari, orodha ya mambo yaliyowekwa kando, na ufunguo wa chumba kama anao. Afanye hivyo wiki mbili kabla ya kuondoka, mrithi awe ameongoza walau mara moja yeye akiwa ameketi kwenye duara.